Hotpoti Iliyorudi Tupu

Siku ya treni naijua kwa pua kabla ya masikio. Honi haijalia bado kule upande wa Katumba, lakini akina mama wa stesheni tumeshakoleza majiko, na moshi wa mkaa umechanganyika na harufu ya vitunguu na vumbi la pumba kutoka kwenye mashine za kukoboa mpunga ng'ambo ya reli. Nyuma ya mashine hizo unapita mto ambao kiangazi unabaki madimbwi, na masika unataka kila mtu ajue kwamba upo. Wageni wakiteremka husema wamefika mwisho wa reli. Mimi huwaambia hapa Mpanda ndipo reli inapoanzia, na nimeshabishana na abiria wengi juu ya hilo. Sijashindwa hata mara moja.

Napika wali hapo stesheni. Kabla yangu alipika mama yangu, na hata aliponiachia jiko hakuondoka. Alihamisha kigoda chake pembeni, akapakata ungo, akawa anachagua mchele na kunikosoa. Chumvi imezidi. Moto mkali. Kilemba hiki ndiyo umefunga au umetupia? Mama hajui kunyamaza, na mimi sijui kusemwa nikatulia, kwa hiyo wateja wetu walikuwa wanakula wali na burudani juu yake. Kuna dereva mmoja wa bajaji alikuwa anakuja hata akiwa ameshiba.

Mama amebakiwa na ndugu mmoja tu, dada yake, ambaye kwangu ni mama mkubwa. Anaishi karibu na stesheni ndogo huko porini, si mbali na mto Ugalla. Ukiiona stesheni yenyewe utadhani treni imesimama kwa makosa: kijumba kimoja, ubao wa jina kwenye nguzo, na miombo pande zote. Huko aliolewa, huko alizika mume, na huko alikataa kuondoka. Mama naye alikataa kuondoka Mpanda. Kilichokuwa kinatembea kati yao ni hotpoti.

Ilikuwa hotpoti ya bluu yenye maua, mfuniko wake umepasuka ubavuni na umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Siku ya treni kuondoka, mama alikuwa anaijaza wali, anaweka maharage juu, na kipande cha kuku kama siku imekuwa nzuri. Kisha anapita dirisha hadi dirisha akitafuta sura. Hakutafuta mtu anayemjua, alitafuta sura ya kuaminika. Akiipata anasema, "Mwanangu, nishikie hii. Mkifika stesheni ile ndogo kabla ya mto, kuna bibi atakuwa amesimama chini ya ubao. Mpe, mwambie mdogo wako anakusalimu." Basi, imekwisha hiyo. Watu wa njia yetu hawashangai maombi kama hayo. Humo kwenye treni utamkuta mtu amepakata jogoo wa mtu asiyemjua, anampelekea mtu mwingine asiyemjua, na jogoo anafika.

Treni ikirudi kutoka Kaliua, hotpoti inarudi nayo. Ndani utakuta asali ya masega, au samaki wakavu, au karanga, na masika uyoga uliokunjwa kwenye majani. Tupu haikuwahi kurudi. Kwetu chombo cha mtu unakirudisha na kitu ndani. Kama huna kitu unaweka chumvi, unaweka ndimu, unaweka chochote ambacho mkono umekutana nacho. Mwaka mmoja wa njaa mama mkubwa aliweka mkaa. Mama alicheka siku nzima, na mkaa ule tukaupikia.

Niliwahi kumuuliza kwa nini yeye mwenyewe asipande treni akamwone dada yake.

"Na jikoni akae nani?"

"Si nipo mimi?"

"Wewe!" Alicheka mpaka akakohoa, na maneno yakaishia hapo.

Sasa siku moja, mwanzoni mwa masika, treni iliingia jua likiwa limeshapanda. Dada mmoja muuza vitenge, ninayemjua kwa sura tu, alinipitishia hotpoti dirishani, nikashangaa jinsi ilivyo nyepesi. Nilimpelekea mama. Alifungua ule mpira, akatoa mfuniko, akatazama. Ilikuwa imeoshwa vizuri na kukaushwa, na ndani hamna kitu. Aliingiza mkono akapapasa mpaka chini.

"Wameila njiani," nilisema, na tayari nilikuwa nimeshageuka. Mimi hasira zangu hazipigi hodi. Nilimkuta yule dada anateremsha mabunda yake, nikamwambia bila hata salamu, nyie watu mna njaa ya namna gani mpaka mle asali ya bibi kizee?

Aliniangalia kwa utulivu uliozidi kuniudhi. "Dada, mimi nimepewa hivyo hivyo. Tena nilimuuliza, bibi, hii mbona tupu? Akasema peleka hivyo hivyo."

Mama alikuwa amenifuata nyuma na alisikia yote. Alirudi kwenye kigoda chake akaketi, hotpoti iko magotini.

Nilijua anachofikiria, maana na mimi nilifikiria hicho hicho. Siku chache kabla walikuwa wameongea kwa simu. Mama mkubwa ili apate mtandao lazima apande kichuguu nyuma ya nyumba, kwa hiyo mazungumzo yao ni ya kupigiana kelele. Mama akamtania kwamba samaki aliotuma walikuwa na mchanga, kwamba sasa anamlisha mto mzima. Kutaniana ni kawaida yao. Ila siku ile simu ilikatika kabla dada yake hajajibu, na mama hakujua kama imekatika yenyewe au amekatiwa.

"Amenisusa," alisema sasa. "Kwa ajili ya mchanga."

"Piga simu umuulize."

Tukapiga. Haipatikani. Tukapiga tena jioni, haipatikani. Mama akanirudishia simu kana kwamba ni mimi niliyeiharibu. "Haya. Kama hataki wali wangu, na abaki na samaki wake. Situmi tena."

Treni iliyofuata ilipoondoka, hotpoti ilibaki imening'inia kwenye msumari. Mama alikaa ameipa reli mgongo. Lakini nilipofungua sufuria ya kuku nilikuta paja zuri kuliko yote limetengwa kwenye kibakuli, limefunikwa.

"Hili la nani?"

"La paka."

"Mama, hatuna paka."

"Basi kula wewe, na uniache."

Nilikula, na halikupanda wala kushuka. Iliniuma kumwona hivyo. Mama yangu amesemana na nusu ya wanawake wa Mpanda na kusahau kabla ya chakula cha jioni, lakini kwa dada yake hakuwa na ngozi ngumu. Alipofiwa na baba yangu, mtu pekee aliyeruhusiwa kumwambia anyamaze alikuwa yeye.

Baadaye, siku isiyo ya treni, yule dada wa vitenge alipita kwenye jiko langu akitokea Mwamkulu, amechoka, viatu vimeshika udongo. Alikula, akaomba maji, kisha akauliza, "Bibi yule wa kwenye ubao anaendeleaje?"

"Kwa nini unauliza?" nilisema.

"Ile siku hakusimama. Nilimkuta amekaa chini, ameegemea nguzo. Miguu imevimba hii. Niliteremka mwenyewe kuchukua chombo, akanishika mkono, hataki kuniachia mpaka treni ikaanza kusogea. Nilipomuuliza mbona tupu, alisema peleka hivyo hivyo, mdogo wangu anajua."

Mchele ulikuwa unarushwa kwenye ungo nyuma yangu. Sauti ile ikakoma.

"Alisema anajua?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama. Mdogo wangu anajua."

Ungo ukamwangukia miguuni na mchele wote ukaenda kwenye vumbi. "Yesu na Maria!" mama alisema. "Ananiita. Dada yangu ananiita, na mimi nimenuna!"

Ilibidi tumkalishe ndipo atueleze. Alikuwa analia waziwazi, mbele ya wateja, na hakujali. Zamani huko kijijini kwao, dada yake alipoolewa mbali, mama yao alikuwa anatumiana naye kikapu kupitia wapita njia, kama wao walivyokuja kufanya na hotpoti. Kila kikapu kilirudi na kitu. Lakini huyo mama yao akimkumbuka mwanawe mpaka akashindwa kuvumilia, au akiugua, alikirudisha kikapu kimeoshwa, hakina kitu. Maana yake sitaki vitu, nakutaka wewe. Ukipokea kikapu cha namna hiyo hukai. Unafunga kanga, unaondoka.

"Nilimwona dada kwa macho yangu anafika," mama alisema. "Mtoto mgongoni, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Mama akamwambia, umekuja, akamwambia nimekuja. Nilikuwa mdogo, lakini niliona. Nikakaa mjini hapa, nikapika, nikapika, mpaka nikasahau."

Alitaka kuondoka saa ile ile. Tukamwambia asubiri siku ya treni. Na siku ya treni ilipofika, treni haikuja. Mvua ilikuwa imenyesha huko mbele, maji yamekula tuta, reli inaning'inia hewani, mafundi wameenda. Barabara ya magari haipiti huko kwa mama mkubwa, na kwa bodaboda msitu ule masika ni matope matupu. Simu yake bado haipatikani. Tukabaki tunaitazama reli.

Sikuhesabu zilikuwa siku ngapi, maana mama alinikataza kuhesabu. Kila asubuhi alivaa gauni lake la kwendea misa, akaja stesheni na begi. Kila asubuhi alijaza hotpoti wali wa moto, na kila jioni tuliufungua tukaula sisi wenyewe, tumeketi hapo hapo, hakuna anayeusifu. Mkuu wa stesheni, kijana mpole mwenye kikohozi, alimwambia, "Mama, nenda nyumbani upumzike. Ikija utaisikia, honi haijifichi."

"Mwanangu, mimi sikuja kusikiliza honi. Nimekuja kupanda."

Mimi nilikuwa naogopa. Nasema wazi, niliogopa sana. Kila simu yangu ilipoita niliitazama kwanza kabla ya kuipokea. Niliwaza, kama mama mkubwa akifa amekaa chini ya ule ubao akidhani mdogo wake ameona chombo kitupu na hakujali, huyu mama yangu nitamfanyaje? Huzuni ya namna hiyo ingemmaliza. Nikawa namkemea kwa vitu vidogo, begi limekaa vibaya, umekunywa chai nusu, kwa sababu ndivyo nilivyo nikiogopa. Hakunijibu hata mara moja, na hilo lilinitisha kuliko yote.

Treni ilipokuja, alikuwa wa kwanza kupanda. Nilimwachia jiko jirani yangu nikaenda naye. Alikataa kuweka hotpoti chini ya kiti, alikataa kuipandisha juu, aliipakata. Katumba wanawake walikuja madirishani na ndizi na maharage, wanaitana Kirundi, lugha waliyokuja nayo wazee wao kutoka Burundi, na kutuuzia kwa Kiswahili, na mama, ambaye kwa kawaida angebishana nao mpaka treni ianze kwenda, alitazama tu mbele. Baada ya hapo ni msitu. Ulikuwa umenawiri kwa mvua, na mahali palipokatika reli tulipita polepole sana, mafundi wamesimama pembeni na sepeto zao wakitutazama. Mama alishika rozari kwa mkono mmoja na hotpoti kwa mwingine.

Jua lilikuwa limeshalegea tulipoanza kupunguza mwendo. Mama alitoa kichwa dirishani mpaka nikamshika kiuno. Nguzo ile pale. Ubao ule pale. Chini yake hakukuwa na mtu.

"Hayupo," alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto kabisa.

Treni ikasogea kidogo zaidi, na ndipo tukaona. Alikuwa upande wa pili wa nguzo, kwenye kivuli, ameketi kwenye mkeka na miguu ameinyoosha. Jirani yake alikuwa amemleta kwenye baiskeli, anaisukuma, baada ya kusikia honi ya kwanza tangu mvua. Amekonda, kilemba kimekuwa kikubwa kuliko uso. Lakini macho yalikuwa yale yale ya mama, na yalikuwa yanapita dirisha hadi dirisha.

Sijui mama aliteremkaje. Ngazi za behewa ni ndefu na magoti yake ni mabovu, ila nilipofika mlangoni alikuwa ameshafika chini, anatembea kwenye kokoto na hotpoti mikononi.

"Umechelewa," mama mkubwa alisema.

"Reli ilikatika, dada."

"Kabla ya reli kukatika."

Mama alipiga magoti hapo hapo kwenye mkeka. "Nilidhani umenisusa. Nilidhani ni kwa ajili ya mchanga."

"Mchanga gani?"

"Wa samaki. Kwenye simu."

Mama mkubwa alimtazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali. "Simu iliisha chaji, mimi hata sikusikia. Samaki wangu wana mchanga?"

"Wana mchanga, dada. Mwingi."

Mwe! Walicheka hao. Walicheka wameshikana mabega, mpaka abiria waliokuwa wakitutazama madirishani nao wakacheka bila kujua wanachokicheka. Kisha kicheko kikageuka kilio, sikuona kiligeukia wapi. Mama mkubwa alisema, "Wali wako nimekula miaka yote hii. Wewe mwenyewe nimekukosa." Mama aliichukua miguu ile iliyovimba akaipakata, akaanza kuikanda polepole, na wakaanza kuongea Kikonongo, kwa sauti ya chini, maneno ya nyumbani kwao ambayo mimi huyasikia nusu nusu. Treni ikaondoka. Hawakuitazama.

Nilikaa nao mpaka treni ya kurudi. Mama alikuwa anampikia, anamwogesha, anamsuka nywele chache zilizobaki, na anamkosoa. Mama mkubwa naye anamkosoa. Nilipofunga begi langu, la mama lilikuwa bado limening'inia ukutani, lipo wazi na halina kitu ndani. Nguo zake alikuwa ameshazipanga kwenye sanduku la dada yake.

"Wewe rudi," aliniambia. "Jiko halijipikii."

"Na wewe je?"

"Mimi nimeitwa. Wewe hukuitwa."

Aliisema kwa utani, na mama mkubwa alicheka, na mimi nikacheka. Lakini njia nzima mpaka Mpanda nilikuwa nalirudia neno lile.

Tangu nizaliwe sikuwahi kupika bila yeye kuwa karibu. Siku za kwanza nilifurahia kimya. Halafu nikaona naonja chumvi, namgeukia mtu, kigoda kipo na mtu hayupo. Dereva wa bajaji alikula, akalipa, akasema siku hizi kwako pamepoa, dada. Nilimwambia kama anataka kelele aende sokoni. Ila alikuwa amesema kweli.

Nikawa natuma hotpoti. Napita dirisha hadi dirisha natafuta sura, nasema maneno yale yale: kuna mabibi wawili, watakuwa chini ya ubao. Ilirudi na asali. Ilirudi na uyoga. Ilirudi na samaki, wameoshwa hawana hata punje ya mchanga, nikajua nani kasimamia uoshaji. Nilifurahi kwa ajili yao na niliona wivu, nisiseme uongo. Usiku nililala peke yangu kwenye nyumba ambayo kitanda cha mama kimetandikwa, nikawa naona aibu, mtu mzima mimi, kumlilia mama yangu aliye hai na mwenye furaha.

Masika yalikuwa yanaisha. Treni iliingia asubuhi, na safari hii aliyeshika hotpoti alikuwa mzee mmoja mfugaji mwenye fimbo na kofia pana. Aliinyoosha dirishani kwa mikono miwili, kwa adabu. Nilipoipokea mikono yangu ilijua kabla yangu.

Nilifungua mpira. Imeoshwa, imekaushwa, tupu.

"Mzee, shikamoo. Huko kuna msiba?"

"Marahaba. Msiba gani, mwanangu? Nimewaacha mabibi wawili wameketi kwenye mkeka, mmoja anammenyea mwenzake chungwa. Huyo mdogo ndiye aliyenipa. Nikamwambia, mama, hii umesahau kuweka kitu. Akasema peleka hivyo hivyo, binti yangu anajua." Akafikiri kidogo. "Na akasema wali wa juzi chumvi ilizidi."

Sufuria ilikuwa jikoni, inachemka, na wateja wa treni ndiyo kwanza wanakaa. Niliwaambia leo hakuna wali. Nikamwaga maji kwenye mkaa, nikafunga kanga, nikaenda kukata tiketi.